Piano kuukuu: Kagua vigingi kabla ya kumlipa fundi

MVUA inayostawisha chai na ndizi wilayani Rungwe ni adui mkubwa wa piano. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, hivyo mwenye piano kuukuu Mpuguso, iwe ya kanisa, shule au familia, hawezi kuitunza kama mtu wa Dodoma.

Ndani ya piano ya kusimama mna nyuzi za chuma zaidi ya 200, zikivutwa kwa nguvu inayozidi tani 15. Nyuma yake kuna ubao mwembamba unaokuza sauti. Wakati wa masika ubao huo hunywa unyevu, huvimba na kuzisukuma nyuzi, sauti ikapanda. Kiangazi hukauka, sauti ikashuka. Ndiyo maana piano iliyorekebishwa Aprili huwa imepotoka ifikapo Agosti, fundi akalaumiwa bure.

Piano iliyokaa miaka mingi bila kuguswa ianzwe na vigingi, yaani vyuma vidogo vinavyofungia nyuzi. Fundi akikizungusha kigingi kwa spana yake kikateleza bila ukaidi, mti unaokishika umelegea. Hapo kurekebisha sauti ni kutupa fedha. Itashuka tena baada ya muda mfupi. Dawa ni kuweka vigingi vinene zaidi, kazi ghali, au kuachana nayo. Vigingi vikishika, sauti hupandishwa kwa awamu mbili au tatu, kwani nyuzi zenye kutu hukatika zikivutwa ghafla.

Vibonyezo vinavyokwama visimtishe mtu. Mara nyingi ni mbao na sufu zilizovimba. Wenye hasara ni wadudu na panya wanaotafuna sufu ya vinyundo.

Weupe wa vibonyezo vya piano nyingi za zamani ni pembe za ndovu. Katika karne ya 19 pembe zilitoka bara hadi Zanzibar, kisha viwanda vya Connecticut, Marekani. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989, kwa hiyo asiwepo wa kubandua akitafuta mnunuzi ng'ambo.

Piano iegemee ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua. Fundi akitoka mbali, nauli hupandisha gharama. Makanisa na shule jirani wakimwita pamoja, mvua kubwa zikishapungua mwezi Juni, watagawana nauli hiyo.