CHAI IKIKUKATAA: TUELEWE KAFEINI NA MZIO WAKE



Tulipotembelea kikundi kimoja cha kina mama upande wa Malaba, tuliona kwenye daftari kwamba mwanachama mmoja amekosa mikutano minne mfululizo. Wenzake walituambia, "Huyo anajivuna, hataki hata chai yetu." Wengine walidhani anaogopa kuwekewa kitu kikombeni. Tukaenda kwake nyumbani. Akasema, "Nikinywa chai moyo unapiga mbio, mikono inatetemeka, na usiku silali. Nikikataa naonekana mbaya. Nikaona afadhali nikae tu." Kwa ajili ya kikombe cha chai, mama huyu alikuwa karibu kupoteza zamu yake ya mchango.

Kafeini ni nini?

Ni kitu kilichomo ndani ya majani ya chai na buni ya kahawa. Huamsha ubongo na huweza kuuharakisha moyo. Chai ya strungi inayo, ya maziwa inayo. Imo pia katika soda za kola, kidogo katika kakao, na kwa wingi katika vinywaji vya kuongeza nguvu, vile wanavyokunywa madereva wa malori kwenye foleni ya mpakani na vijana wa bodaboda wa usiku.

Kikombe cha chai huwa na miligramu kama 40 hadi 50, ikitegemea majani yaliyotiwa. Kahawa hukaribia 95. Kopo dogo la kinywaji cha nguvu lina kama 80. Hata dawa nyingine za kichwa zinayo: kidonge kimoja cha Panadol Extra kina miligramu 65. Kijana akinywa makopo mawili, kisha kichwa kikimuuma ameze vidonge viwili vya namna hiyo, amefikisha 290 kabla hajagusa chai.

Mwaka 2015 wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walishauri mtu mzima asizidishe miligramu 400 kwa siku, na mama mjamzito asizidishe 200.

Je, ni mzio, au mwili umezidiwa?

Hapa wengi tunachanganya mambo mawili.

La kwanza ni mwili usiostahimili kafeini. Hili ni la kawaida. Moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, tumbo huchoma, usingizi hupotea. Miili yetu haikuumbwa sawa: mmoja hunywa vikombe vitano akalala, mwingine kimoja tu kinamkesha. Baada ya saa tano hivi nusu ya kafeini bado imo mwilini. Kwa hiyo chai ya saa kumi jioni bado inakusumbua saa tatu usiku. Kwa mjamzito hukaa zaidi.

La pili ni mzio wenyewe, au aleji kama tunavyosema. Huu ni nadra sana. Kinga ya mwili huiona kafeini kama adui. Ngozi huwasha na kutoka mabaka, midomo, uso au ulimi huvimba, pumzi hubana. Ulimi ukivimba au pumzi ikibana, usingoje asubuhi wala usitafute dawa ya dukani. Mkimbizeni mgonjwa hospitali iliyo karibu, kama ile ya rufaa ya kaunti pale Busia au Kocholia kwa walio upande wa Malaba. Anahitaji sindano haraka.

Tufanye nini?

1. Andika kwa wiki mbili ulichokunywa, saa ngapi, na ulivyojisikia. Huenda shida ni maziwa au njugu ulizokula na chai.

2. Kama umewahi kuvimba au kubanwa pumzi, usijijaribu tena nyumbani. Mweleze daktari.

3. Moyo kwenda mbio huletwa pia na upungufu wa damu na magonjwa mengine. Nenda ukapimwe. Usikimbilie kusema umerogwa.

4. Punguza polepole, kikombe kimoja kila baada ya siku chache. Ukiacha ghafla kichwa kitauma siku kadhaa. Hayo ni mazoea yanakutoka, si ugonjwa mpya.

5. Soma karatasi ya dawa na ya kinywaji, au muulize mwuza dawa: "Hii ina kafeini?"

6. Tumia uji wa wimbi, maji ya mchaichai au tangawizi iliyochemshwa bila majani ya chai. Hivi havina kafeini.

Na kikundi je?

Kikundi kile kilikaa kikazungumza. Sasa siku ya mkutano kuna birika mbili, moja ya chai na moja ya mchaichai unaoota pale pale uani. Mama amerudi, na zamu yake aliipata. Tena wengine wawili wakakiri kwamba walikuwa wakinywa chai kwa aibu tu.

Maswali ya kujadiliana

- Katika kikundi chetu, mtu akikataa chai tunamfikiriaje?
- Ni nani ameacha kuja, na je, tumeenda kumuuliza sababu?
- Vijana wetu wa bodaboda wanakunywa nini ili wasilale? Nani atazungumza nao?