Mwanafunzi Amwendee Nani Moyo Unapolemewa?

Mwezi Januari mwanafunzi wa kidato cha kwanza anapopokelewa katika shule ya bweni, huelezwa mambo mengi kwa siku mbili tatu: kengele ya kuamka, zamu za usafi, mipaka ya shule, adhabu ya mchelewaji. Huoneshwa darasa, bweni, bwalo na kanisa. Jambo moja mara nyingi halisemwi: ukikosa usingizi wiki nzima, ukiona huna hamu ya kula wala ya kuishi, umwendee nani? Tunadhani atajua mwenyewe.

Wengi hawajui. Wengine wanalijua jina lililobandikwa kwenye ubao wa matangazo, mwalimu wa ushauri na unasihi, na kumbe ndiye huyohuyo mwalimu wa nidhamu. Leo ameshika fimbo, kesho anasema mlango wake uko wazi. Hatusemi kwamba walimu wa nidhamu ni watu wabaya; wapo wenye moyo wa kibaba kuliko wengi wetu. Lakini mtoto huwaza kwanza kama atakayoyasema yatamrudia kesho kama kesi.

Kanisa linaifahamu hofu hiyo, na limeitungia sheria. Kanuni 985 inaagiza kwamba mlezi wa wanovisi na msaidizi wake, gombera wa seminari, au mkuu wa taasisi nyingine ya malezi, wasisikilize maungamo ya wanafunzi wanaoishi nao nyumba moja, isipokuwa mwanafunzi mwenyewe ameomba kwa hiari katika nafasi ya pekee. Kanuni 240 inakwenda mbali zaidi: inapoamuliwa nani apewe daraja au nani aondolewe seminarini, maoni ya mlezi wa kiroho na ya waungamishi hayaombwi kamwe. Anayeamua juu ya maisha ya mwanafunzi awe mwingine, na anayesikia ya moyoni awe mwingine. Ikiwa tunamlinda hivyo mseminari mtu mzima, hatuoni kwa nini binti wa kidato cha pili katika shule ya parokia akose ulinzi wa namna hiyo.

Basi tuanze kwa kuwauliza wanafunzi wenyewe. Kila mmoja apewe kipande cha karatasi, asiandike jina lake, aandike majina ya wafanyakazi wawili wa shule ambao angeweza kuwaendea akiwa na shida nzito. Mkuu wa shule asishangae akikuta jina la matroni, sista wa zahanati, mtunza maktaba au mpishi likijirudia kuliko majina ya walimu. Hao ndio waitwe, wapewe mafunzo hata ya siku chache pamoja na mwalimu wa unasihi, kisha watambulishwe mbele ya shule nzima. Karatasi zikirudi tupu, hilo nalo ni jibu, na uongozi ulikalie kikao.

Anayechaguliwa hageuki daktari. Kazi yake ni kusikiliza bila kukatiza, kutohubiri mapema, na kujua mzigo unaomzidi. Mtoto akigusia kwamba amechoka kuishi, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kusema. Akikubali, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, wazazi waitwe, apelekwe hospitali. Kumwombea ni vyema sana, na kumpeleka kwa daktari si kukosa imani.

Hapa tunawageukia mafrateri walio katika mwaka wa uchungaji, wengi wao wakifundisha mashuleni. Vijana huwapenda kwa sababu wana umri wa kaka zao, na huwaambia mambo. Frateri, usiseme kamwe, "Niambie, sitamwambia mtu yeyote." Siri ya kitubio ni ya padre anayeungamisha, na wewe hujafika huko. Mwambie kijana tangu mwanzo: nitayatunza unayonieleza, ila nikiona maisha yako yako hatarini, au kuna mtu anakuumiza, nitamtafuta wa kutusaidia, na utajua ni nani kabla sijamwambia. Zungumzeni mahali panapoonekana na wengine. Na muda wako ukikaribia kwisha, usiondoke kimyakimya. Mkabidhi kwa mtu mwingine anayemwamini, yeye mwenyewe akiwepo.

Wazazi nao, siku ya kuwatembelea watoto, huuliza masomo, ada na chakula. Ongezeni swali moja: "Ukipatwa na jambo usiku, unamwamsha nani?" Asipotaja jina, nendeni kwa mkuu wa shule siku hiyohiyo. Kwa Tanzania ipo pia namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo haitozwi fedha. Lakini mwanafunzi wa bweni kwa kawaida hana simu, kwa hiyo kuibandika ukutani hakutoshi. Aambiwe atapiga kwa simu ya nani, na kwamba hataulizwa anapiga kwa ajili gani.

Limebaki jambo zito. Anayemuumiza mtoto anaweza kuwa mfanyakazi wa shule, pengine yuleyule aliyeaminiwa na wengi. Ndiyo maana tumesema majina mawili, siyo moja, na wanafunzi waambiwe wazi kwamba wanaruhusiwa kumruka yeyote, hata mkuu wa shule, hata padre. Nje ya shule yupo afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na katika vituo vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Padre au mtawa anayepata habari ya mtoto kunyanyaswa kijinsia na mhudumu wa Kanisa, nje ya kitubio na malezi ya kiroho, analazimika kumjulisha Askofu bila kukawia. Papa Fransisko aliliagiza hilo mwaka 2019 katika barua yake Vos estis lux mundi.