Panya Asiye Panya, Vayoleti Isiyo Vayoleti

Wajukuu zangu, nani kati yenu amewahi kumwona panya buku? Amwonaye hamsahau. Kutoka puani hadi ncha ya mkia hukaribia mita moja, na mashavuni ana vifuko. Akikuta mahindi hujaza vifuko hivyo mpaka kichwa kinavimba, kisha hukimbilia shimoni kwenda kuyatema ghalani kwake.

Tunamwita panya, lakini ukoo wake si ule wa panya watoboao magunia ya unga. Hao ni wa familia ya Muridae. Buku ni wa Nesomyidae, pamoja na jamaa zake wa Afrika na Madagaska. Sura hudanganya, ndiyo maana wataalamu hupanga viumbe kwa nasaba: huchungua meno, mifupa, na siku hizi hata chembe za urithi.

Sasa twendeni Kenya, kilima cha Mbololo huko Taita. Kivulini mwa miti mikubwa, kwenye miamba yenye unyevu, huota mmea mfupi wenye maua ya zambarau. Ndugu zake wa Tanga na Usambara walifika Ujerumani zamani, mbegu zikipelekwa na mtawala wa Kijerumani aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire. Mwaka 1893 wakapewa jina Saintpaulia. Watu wakaona maua yanafanana na vayoleti, wakayaita vayoleti ya Afrika. Nayo si vayoleti hata kidogo! Familia yake ni Gesneriaceae, na mwaka 2015, nasaba ilipochunguzwa upya, ikahamishiwa katika jenasi ya Streptocarpus.

Wote wawili, basi, wana majina ya kuazima. Lakini fungueni Orodha Nyekundu ya IUCN, daftari la dunia la viumbe walio hatarini. Buku yumo kwenye kundi lisilotia wasiwasi. Mmea wa Mbololo umo kwenye hatari kubwa kabisa, hatua moja tu kabla ya kutoweka porini.

Kwa nini? Buku hula karibu kila kitu. Ukimfukuza msituni atachimba shambani. Mmea hauna miguu. Mti wa juu yake ukikatwa, jua linaupiga mwamba, unyevu unakwisha, nao unanyauka palepale.

Linaloniuma ni hili: huko Ulaya na Marekani, binamu zake wa Tanga na Usambara wamejaa vyunguni madirishani, kwa mamilioni. Wenyewe wa Taita, kwao porini ni kilima kile kimoja.