Ngazi Katika Michoro ya Kompyuta: Juu ni Wapi, na Kaskazini ni Wapi?

Ukuta ni wa ghorofa moja na mlango ni wa chumba kimoja, lakini ngazi huhusu ghorofa mbili kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo ngazi ni miongoni mwa sehemu za jengo zilizo ngumu kuonyeshwa katika karatasi, na makosa yake aghalabu hugunduliwa baada ya zege kumwagwa. Programu za kompyuta zinazotumiwa siku hizi na wabunifu majengo zimeirahisisha kazi hiyo, walakini hazikuiondoa hatari.

Fikra ya kuliunda jengo zima ndani ya kompyuta si ya jana. Mwaka 1975 Mmarekani Charles Eastman alieleza mfumo ambao ndani yake jengo lingehifadhiwa mara moja tu kama umbo kamili, na michoro yote ikatolewa humo. Mwaka 1984 kampuni ya Graphisoft ya Hungaria ilitoa programu iliyokuja kujulikana kama ArchiCAD, na mwaka 2000 ikatoka Revit huko Marekani. Katika programu za namna hii mbunifu hachori mistari ya ngazi, bali huiunda ngazi yenyewe. Akibadili upana wa kidato kimoja, badiliko hilo huonekana katika michoro yote.

Hata hivyo, fundi aliye kiwanjani kwa kawaida hapewi kompyuta, hupewa karatasi. Kila karatasi ni kama dirisha moja la kulitazamia jengo. Hapana budi mtu aamue dirisha hilo liwe kimo gani na litazame upande gani, na uamuzi huo ukikosewa, ngazi iliyo sahihi ndani ya kompyuta huweza kujengwa vibaya.

Mfano mmoja utaeleza jambo hili. Tinde, katika Mkoa wa Shinyanga, ni njia panda. Barabara itokayo Nzega, upande wa kusini, hugawanyika hapo: moja huelekea magharibi kwenda Isaka na Kahama, nyingine huelekea kaskazini mashariki kwenda Shinyanga na Mwanza. Mfanyabiashara anayetaka kujenga mahali kama hapo aghalabu hupenda maduka yawe chini na vyumba vya wageni viwe juu. Iwapo kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni mita 3.06, ngazi yake yaweza kuwa na vidato 18, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimita 17 na mahali pa kukanyaga pa sentimita 28. Mwaka 1675 Mfaransa François Blondel alifundisha kwamba kimo cha kidato mara mbili, kikijumlishwa na upana wa mahali pa kukanyaga, yafaa kilingane na hatua ya mtu. Siku hizi jumla hiyo kwa kawaida huwekwa baina ya sentimita 60 na 65. Hapa ni 62, yaani ngazi haitamchosha mpandaji. Vidato 9 hupanda hadi kwenye jukwaa la kati lenye kimo cha mita 1.53; hapo mpandaji hugeuka nyuma na kupanda vidato 9 vilivyobaki.

Ramani ya sakafu huchorwa kana kwamba jengo limekatwa kwa msumeno uliolazwa, na mtazamaji anaangalia chini. Mkato huo kwa kawaida hupita mita 1.2 juu ya sakafu. Katika ngazi ya mfano wetu ni vidato 7 tu vilivyo chini ya kimo hicho. Kwa hiyo ramani ya chini itaonyesha vidato 7, kisha mstari wa mshazari unaoashiria kwamba ngazi imekatwa hapo. Ramani ya ghorofa ya juu, ambayo mkato wake u juu zaidi, huonyesha ngazi yote, pamoja na jukwaa. Asiyejua sababu atadhani ameonyeshwa ngazi mbili tofauti. Aidha mbunifu hana budi kuiambia programu mtazamo ushuke hadi kina gani, kwani kina kikiwa kifupi mno ngazi huweza kutoweka katika ramani ya juu, pakabaki tundu tupu.

Jambo la pili ni mshale. Kuna desturi mbili. Katika desturi ya kwanza mshale huanzia kidato cha chini kabisa na kuelekea juu, katika ramani zote. Katika desturi ya pili mshale huanzia kwenye sakafu ya ramani inayohusika, nao huandikiwa neno la kupanda au la kushuka, ambalo katika michoro mingi ni UP au DN kwa Kiingereza. Desturi zote mbili ni halali. Hatari ni kuzichanganya, au kufuta maneno na kuacha mshale peke yake. Fundi akidhani kwamba mshale wa kushuka ni wa kupanda, ataanza ngazi upande wa kushoto badala ya kulia, na mpandaji atafika juu mahali palipokusudiwa kuwa ukuta.

Ramani, hata ikiwa sahihi, haiwezi kuonyesha kimo. Wengi hupenda kutia stoo au choo chini ya jukwaa la ngazi. Katika ramani nafasi hiyo huonekana ya kutosha kabisa. Lakini jukwaa letu li katika kimo cha mita 1.53, na zege lake likiwa na unene wa sentimita 15, chini yake hubaki mita 1.38 tu. Mtu mzima hawezi kusimama hapo, wala mlango wa kawaida hauingii. Jambo hilo huonekana mara moja katika mchoro wa mkato wa wima. Mchoro huo nao una upande wake wa kutazama, unaoonyeshwa kwa vishale katika ramani. Vikigeuzwa, sehemu ya ngazi iliyokuwa ikipanda kuelekea kulia itaonekana ikipanda kuelekea kushoto.

Liko pia suala la dira. Ili mistari ilingane na kingo za karatasi, mbunifu huligeuza jengo katika mchoro, na hivyo juu ya karatasi huacha kuwa kaskazini. Programu huhifadhi kaskazini mbili, ya karatasi na ya kweli, na ya kweli lazima iwekwe kwa kufuata vipimo vya kiwanja. Viwanja vilivyo kando ya barabara ya Tinde kwenda Shinyanga havilingani na pande nne za dunia, kwa hiyo tofauti si ndogo. Tinde iko karibu digrii 4 kusini mwa Ikweta: jua la adhuhuri huelemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, lakini jua kali la alasiri hupiga ukuta wa magharibi mwaka mzima. Ni busara kuiweka ngazi upande huo ili ivikinge vyumba vya kulala. Kaskazini ya kweli isipowekwa, kivuli kinachohesabiwa na kompyuta kitakuwa cha uongo, na ngazi itakinga upande usiohitaji kinga.

Kwa hiyo, kabla mbao za kumwagia zege hazijapigiliwa, yafaa mwenye jengo na fundi wake waketi na michoro yote kwa pamoja. Wahesabu vidato katika ramani ya juu na katika mkato, waufuate mshale kwa kidole kutoka chini hadi juu, wapime nafasi iliyo chini ya jukwaa, na wailinganishe alama ya kaskazini na mahali jua linapochwea. Kazi hiyo haihitaji kompyuta, nayo ni nafuu kuliko kuvunja zege.