NANI ATAJIBU KWA KALAMU YA MASHINE?

Zamani, kando ya boma na mahakama, alikuwapo mtu mwenye meza ndogo, kivuli cha mwembe na mashine ya taipu. Mwenye shauri lake alimwendea, akaketi, akaeleza. Naye mwandishi akalipanga shauri hilo kwa lugha ya wakubwa, akapokea ujira wake. Mtu huyo hajatoweka. Siku hizi ana ofisi ghorofani, ana kadi yenye jina lake, na huitwa mshauri wa maandiko ya miradi. Wateja wake ni mafundi seremala, mama lishe, wafugaji wa kuku na vikundi vya akina mama wanaotafuta ruzuku ya kukuza kazi zao.

Hatusemi kwamba kazi yake haina maana. Wakfu wa Tony Elumelu wa huko Nigeria, kwa mfano, tangu mwaka 2015 umekuwa ukiwapa wafanyabiashara chipukizi wa Afrika dola 5,000 kila mmoja, fedha zisizorudishwa. Lakini kati ya fundi na dola hizo pana maswali marefu juu ya soko, mtaji, washindani na makadirio ya mapato. Ajuaye kushona viatu si lazima ajue kuyajibu. Hapo ndipo mshauri alipopata riziki, nayo ilikuwa riziki halali, maana alikesha akiandika.

Sasa hakeshi tena. Tangu Novemba 2022, ilipotolewa ChatGPT, akili mnemba yaweza kuandika kurasa kadhaa za Kiingereza kilichonyooka kabla chai haijapoa. Nasi hatuilaumu mashine kwa hilo. Msichana aliyeishia darasa la saba, aliyekuwa akinyimwa kwa sababu ya lugha tu, leo aweza kulieleza wazo lake kwa Kiswahili akarudishiwa kwa lugha ya mwenye fedha. Jambo hilo ni jema, na atakayelichukia ni yule aliyekuwa akila kwa kutojua kwetu.

Ugomvi wetu ni mwingine. Mashine hiyo hubashiri tu neno gani laelekea kufuata neno lililotangulia, kwa kadiri ya maandishi mengi mno iliyolishwa. Palipo na pengo hainyamazi, bali hulijaza. Tuchukue mfano wa kikundi cha wanawake kumi na wawili wa Kigoma wanaotengeneza sabuni kwa mafuta ya mawese. Wao wanajua bei ya mawese hupanda msimu gani. Wanajua kwamba wakati wa mvua sabuni huchelewa kukauka, na kwa hiyo fedha nayo huchelewa kurudi. Wanajua duka lipi hulipa na lipi hukopa. Mshauri wa zamani hakuwa na budi kuwauliza, maana hakuwa na mahali pengine pa kupata maneno. Wa leo huandika mstari mmoja, "kikundi cha sabuni, Kigoma", na mashine humpa wateja elfu, soko la nchi tatu na faida isiyojua mvua. Karatasi yapendeza. Katibu wa kikundi atia sahihi yake chini ya maneno asiyoyasoma. Siku mkaguzi wa mfuko atakapofika na kuomba aonyeshwe wateja hao, mshauri hatakuwapo. Atakayeitwa mwongo ni mama mwenye mikono iliyobabuliwa na kostiki.

Tusidhani hayo ni ya washauri wa vichochoroni peke yao. Mwaka 2025 kampuni ya Deloitte ilikubali kuirudishia Serikali ya Australia sehemu ya malipo ya ripoti iliyogharimu dola za nchi hiyo zipatazo 440,000, baada ya kuonekana kwamba ndani yake mlitajwa maandishi ya wataalamu yasiyokuwapo popote. Akili mnemba ilikuwa imetumika katika kazi hiyo. Huko alikuwapo msomi wa chuo kikuu aliyeligundua kosa. Kikundi cha Kigoma kina nani?

Watoao fedha nao wameamka. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ambazo hutoa ruzuku za utafiti, zilitangaza kwamba kuanzia tarehe 25 Septemba 2025 hazitayafikiria maombi yaliyotungwa kwa sehemu kubwa na akili mnemba, na kwamba mtafiti mkuu mmoja hataleta zaidi ya sita kwa mwaka, kwa kuwa ilikwisha kuonekana maombi zaidi ya 40 yakiletwa kwa jina moja katika awamu moja. Basi mshauri anayeuza andiko lile lile kwa vikundi kumi, akibadilisha jina la kijiji tu, anawauzia watu mlango utakaofungwa usoni mwao.

Na ujira je? Kutoza malipo ya siku kumi kwa kazi ya dakika kumi ni unyonyaji, hata ukivaa tai. Wengine hudai asilimia ya ruzuku itakapopatikana. Grant Professionals Association, chama cha watu wa kazi hii huko Marekani, huwakataza wanachama wake malipo ya namna hiyo, na tunaona ni haki: mwenye fungu katika ruzuku ana kishawishi cha kunenepesha hesabu. Tena daftari la mauzo, namba za vitambulisho na taarifa za benki humwagwa ndani ya mashine iliyo ng'ambo bila mwenyewe kuulizwa, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika nchini Tanzania tangu tarehe 1 Mei 2023.

Mshauri na aitumie mashine, ila aseme kwamba ameitumia, na apunguze bei kwa kadiri ya jasho alilookoa. Muda uliobaki autumie kukaa na wenye kazi, ashike daftari lao, ahesabu sufuria zao. Andiko likiisha lisomwe lote kwa Kiswahili mbele ya kikundi, tarakimu kwa tarakimu, kabla ya kalamu kugusa karatasi. Mmoja wao akisema, "Wateja hao hatuna," mshauri afute pale pale, wakiwa wanamtazama.