Sura ya Tatu: Kushuka Kabla ya Kupanda

Mtoto wa jimnastiki anayejifunza kusimama kwa mikono hufundishwa kwanza namna ya kushuka. Viganja viko chini kwa upana wa mabega, vidole vimetanuka, viwiko vimenyooka, mabega yamesukumwa hadi karibu na masikio. Miguu ikimzidi na kuelekea mgongoni, asipinde kiuno kuizuia. Ahamishe mkono mmoja mbele, mwili ugeuke robo, ashuke mguu mmoja baada ya mwingine. Mwalimu amepiga goti kando yake, amemshika nyonga, na kabla ya kumgusa amemwambia atamshika wapi. Mtoto akishajua kushuka, woga humtoka, na mwalimu naye huanza kulegeza mikono.

Somo hilo halipati anayetafuta medali peke yake. Anayekuja Jumamosi kunyoosha viungo na kucheka na wenzake hulipata vilevile, na boriti yao ni moja: upana wa sentimita 10. Wote huanzia kwenye mstari uliochorwa sakafuni, kisha boriti ya chini, ndipo wapande ile ya mashindano yenye kimo cha sentimita 125. Wanapoachana ni kwenye pointi. Mshindani akianguka hukatwa pointi nzima, na hata goti lililopinda kidogo lina gharama yake, kwa hiyo mwalimu humrudisha kwenye jambo lile lile siku nenda siku rudi. Mtoto wa Jumamosi ukimfanyia hivyo, wiki ijayo humwoni. Huyo mpe kitu kipya kila kipindi, hata kama ni kichwangomba cha kushuka mteremko wa godoro.

Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote ni kumharakisha mtoto. Mwanajimnastiki Nadia Comăneci alitwaa dhahabu ya Olimpiki Montreal mwaka 1976 akiwa na miaka 14, na wengi wakaamini kwamba msichana asiyeng'aa mapema amechelewa. Siku hizi haingii Olimpiki asiyetimiza miaka 16 katika mwaka wa mashindano. Naye Oksana Chusovitina wa Uzbekistan alishindana Tokyo mwaka 2021 akiwa na miaka 46, Olimpiki yake ya nane.

Muda upo. Mifupa ya mtoto bado inakua, na katika mchezo huu kifundo cha mkono hubeba uzito wa mwili mzima. Akikwambia kinamuuma, mwamini. Simamisha kazi ya mikono, mpe ya miguu na tumbo, na mzazi wake aambiwe siku hiyo hiyo.