Viunganishi katika Kiingereza cha kitaaluma
Viunganishi katika Kiingereza cha kitaaluma ni maneno yanayoonyesha uhusiano wa hoja, kama "however", yaani hata hivyo, na "therefore", yaani kwa hiyo.

Nchini Tanzania shule za msingi za serikali kwa kawaida hufundisha kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, hivyo mwanafunzi huja na mazoea ya Kiswahili. Kiswahili huvumilia "Ingawa upepo ulikuwa mkali, lakini mashua ziliondoka Kiswere." Kiingereza hutaka kiunganishi kimoja tu: "Although the wind was strong, the boats left Kiswere." Ukiongeza "but", umekosea, kosa hili halichoki kurudi.

Neno "however" haliunganishi sentensi mbili kwa mkato. Hutanguliwa na nukta au nukta-mkato. Katika msamiati rasmi, "children" hutumika badala ya "kids".